Tuige Daftari la Waandishi wa Programu



Siku hizi hapa Mathare wako vijana wengi waliojifunza kazi ya kuandika programu za kompyuta. Wengine walipata chuo, wengine walijifundisha wenyewe kwa simu na kompyuta kuukuu. Sisi watu wazima twawaona wameketi mlangoni na kompyuta magotini tangu asubuhi, nasi husema, hawa wanacheza. Nataka kusema katika gazeti letu hili kwamba hawachezi. Katika kazi yao ya kila siku mna desturi ndogo ndogo ambazo zingetufaa sana sisi watu wa reli, wa karakana na wa viwanda. Desturi hizo hazihitaji shahada. Nyingi zataka daftari, kalamu na uangalifu. Na kwa maoni yangu, tusipoziiga mapema tutapoteza haki nyingi, kwa sababu siku hizi haki zetu zimo ndani ya mashine.

Fikirini jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani saa za kazi ziliandikwa kitabuni kwa wino. Kitabu kilikaa ofisini, na mtu mwenye shaka aliweza kuomba kifunuliwe akaona kwa macho yake. Leo mahali pengi waweka kidole asubuhi, waweka kidole jioni, na mwisho wa mwezi yatoka hesabu. Ukilalamika, karani hukuonyesha kioo na kusema, mashine ndiyo imesema. Basi mtu asiye na maandishi yake mwenyewe hana la kujibu, hurudi nyumbani na mkono shavuni.

Mtu asidhani kwamba mashine haisemi uwongo. Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kuweka katika ofisi zake ndogo programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu hiyo ilikuwa na makosa. Wenye ofisi walipofunga hesabu jioni, mashine ilisema fedha zimepungua, hali hazikupungua. Wakaambiwa walipe tofauti kutoka mfukoni mwao, na wengi wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa. Wengine walifungwa jela, wengine walifilisika, na wako waliojiua. Wengi walipolalamika waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Hata chama chao wenyewe hakikusimama upande wao. Mtu mmoja, Alan Bates, ambaye mkataba wake ulikatizwa mwaka 2003, aliwatafuta wenzake mmoja mmoja mpaka wakatimia 555 wa kwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2019 jaji alisema kwamba programu ile ya miaka ya kwanza haikuwa ya kutegemewa. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Hesabuni wenyewe: tangu 1999 mpaka 2024 ni miaka 25.

Hayo yalipata watu wa nchi yenye mawakili wengi na magazeti makubwa. Je, sisi? Jibu langu ni kwamba tuwe na kumbukumbu zetu wenyewe, na tuziweke kwa njia ya watu wanaoijua mashine ndani na nje. Hizi ndizo desturi zao ninazoona zatufaa.

La kwanza, hawafuti. Mwaka 2005 Linus Torvalds, mtu wa Finland aliyeanzisha Linux, alitengeneza programu iitwayo Git. Kazi yake ni kutunza historia ya maandishi. Mtu akibadilisha neno moja, Git huandika jina lake, siku na saa, na maneno machache ya kueleza sababu. La jana hubaki, la leo huwekwa juu yake, na anayetaka hurudi nyuma akaona mambo yalivyokuwa mwezi uliopita. Karibu waandishi wote wa programu hutumia chombo hiki, na hakilipiwi hata senti moja.

Sasa tazameni kwetu. Naijua kazi moja ambapo zamu za ziada za mtu zilikuwa 5 katika orodha ya Ijumaa, na Jumatatu zikawa 3. Nani alizipunguza? Kwa sababu gani? Hakuna aliyejua, wala hapakuwa na alama yoyote. Mtu yule alipoteza zamu 2, na shauri likaishia hapo. Kama orodha ile ingewekwa kama Git iwekwavyo, jina la aliyepunguza lingeonekana mara moja.

Hata daftari la karatasi laweza kutunzwa hivyo. Kurasa zipewe namba, wala usichane hata moja. Kosa lipigwe mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, lisipakwe rangi nyeupe. Andika lililo sawa pembeni, weka tarehe, tia sahihi, na useme sababu. Vijana hawa hucheka sana mtu anayeandika "nimerekebisha" tu, kwa maana neno hilo halimwambii mtu kitu. Andika hivi: "Nimepunguza saa 2 kwa sababu zamu ya Jumanne ilivunjwa." Miaka miwili baadaye mtu mwingine atasoma na ataelewa.

La pili, wanajua kupeleka malalamiko. Waandishi wa programu huliita kosa la programu mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo ndani ya mashine yao kubwa ya hesabu. Hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe ndani ya kitabu cha kazi, wakaandika saa na mahali walipomkuta, na ukurasa huo umehifadhiwa hata leo. Huo ndio uandikaji wa kosa: kitu chenyewe, saa yake, mahali pake.

Mwandishi wa programu akiletewa habari kwamba "mashine yako haifanyi kazi," hawezi kufanya lolote. Huuliza mambo matatu: Ulifanya nini? Ulitazamia nini? Ukapata nini? Nasi tukipeleka barua kwa mkubwa tukasema "mshahara wangu umepungua, tafadhali nisaidie," barua hiyo hulala mezani. Lakini ukiandika, "Mwezi wa tatu nilifanya zamu 4 za usiku, tarehe 3, 10, 17 na 24. Karatasi ya mshahara yaonyesha zamu 3. Imekosekana ya tarehe 17, na aliyepokea zamu kwangu asubuhi ni fulani," hapo hata mtu asiyekupenda atalazimika kujibu. Na kama kosa limeonekana kwenye kioo cha simu au kompyuta, lipige picha hapo hapo, saa ionekane. Kesho litakuwa limebadilika.

Wakenya wameionyesha dunia kazi hii. Mwezi wa Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi. Watu walituma habari, nini kimetokea, wapi na lini, nazo zikawekwa kwenye ramani. Mathare ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia siku zile. Programu hiyo baadaye ilitumika katika nchi nyingi za mbali. Jina lake lenyewe latufundisha: neno lisilo na mahali wala saa ni uvumi, na lenye mahali na saa ni ushahidi.

La tatu, kosa hulitafuta kwa kugawa nusu. Mwandishi wa programu akijua kwamba mwezi wa kwanza kazi ilikuwa sawa na sasa imeharibika, hatazami mabadiliko yote moja baada ya jingine. Huenda katikati. Kama katikati ni sawa, kosa limo katika nusu ya pili. Kama katikati pameharibika, limo katika nusu ya kwanza. Hugawa tena, na tena, mpaka alikamate. Fundi wa nyaya za reli hatashangaa: waya ukikatika baina ya stesheni mbili, mtu mwenye akili hupima katikati kwanza. Basi ikiwa makato yako ya chama au ya akiba hayalingani na jumla ya mwaka, na una jumla ya kila mwezi, tazama jumla ya mwezi wa sita, kisha nusu ya sehemu yenye kosa. Miezi 12 haitakutaka utazame zaidi ya mara 4.

La nne, hueleza shida kwa sauti kabla ya kuipeleka mbele. Kitabu kimoja chao mashuhuri, The Pragmatic Programmer, kilichotoka mwaka 1999, chataja mtu aliyeweka bata wa mpira mezani akimweleza programu yake mstari kwa mstari. Bata hajibu, lakini katika kueleza mtu huliona kosa lake mwenyewe. Sisi hatuna haja ya bata. Kabla ya kuingia kwa meneja, mweleze mwenzako wa zamu, au mke wako, shauri lako tangu mwanzo. Mahali utakapokwama ndipo meneja atakapokushika.

La tano, kazi ya mmoja hutazamwa na wa pili. Katika kampuni nzuri programu ya mtu haiingizwi katika kazi mpaka mwenzake ameisoma na kuikubali. Jambo hili halina budi kumpendeza mtu wa reli, maana sisi tulilijua kabla yao: treni haitoki stesheni kuingia sehemu ya mbele mpaka stesheni ya mbele imekubali. Kwa nini basi katika matawi yetu mweka hazina mmoja aandike fedha peke yake, azihesabu peke yake, na azisome peke yake mbele ya mkutano? Simtuhumu mtu. Misheni tulifundishwa kwamba neno la shahidi mmoja halitoshi, na macho ya pili humlinda hata mweka hazina mwaminifu.

La sita ni la makarani na makatibu wanaotumia Excel. Namba ya kazi ikianza na sifuri, kama 00457, Excel huifanya 457. Namba ya simu inayoanza na 07 hubaki na 7 tu. Hapo orodha ya wanachama hailingani tena na orodha ya mwajiri, na mtu huonekana kama hayumo. Dawa ni ndogo: kabla ya kuandika, chagua safu nzima na uiambie kwamba ni maandishi, si hesabu, au tanguliza alama ya ritifaa (') mbele ya namba. Na tarehe ziandikwe zikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, hivi: 2025-03-09. Mmarekani akisoma 03/04 huona tarehe 4 Machi, nasi twaona tarehe 3 Aprili. Tena mafaili yakipewa majina yanayoanza na tarehe ya namna hiyo, hujipanga yenyewe, la zamani juu na jipya chini. Mambo haya si madogo. Mwezi wa Oktoba 2020 huko Uingereza habari za wagonjwa 15,841 wa Korona zilichelewa kwa sababu faili la Excel la namna ya zamani lilijaa, na mistari iliyozidi ikaachwa nje bila mtu kujua.

La saba, neno la siri halikopeshwi. Katika mashine, anayeingia kwa jina lako ni wewe. Akikosea, umekosea wewe. Akiiba, umeiba wewe. Katika shauri lile la Posta ilijulikana kwamba watu wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za ofisi kutoka mbali, mwenye ofisi asijue. Kwa hiyo ukiondoka mezani, toka kwenye mashine. Mkubwa akikwambia umpe neno lako la siri "kwa dakika moja tu," mwombe afunguliwe lake.

La nane, nakala. Waandishi wa programu wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vitu vya namna mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Wa Mathare hatuhitaji kufundishwa sababu. Mwezi wa Aprili 2024 mto ulipofurika usiku, watu walikufa, nyumba zikachukuliwa, na pamoja nazo vitambulisho, vyeti vya shule, barua za kazi na karatasi za mshahara. Na moto wa mabati hauchagui sanduku. Basi kila karatasi ya mshahara ipige picha. Moja ikae kwenye simu, moja kwenye barua pepe yako, na karatasi yenyewe ikae kwa ndugu aliye mtaa mwingine au nyumbani shambani. Lakini usiitume katika kundi la WhatsApp la watu mia mbili, kwa maana ina namba ya kitambulisho chako na ya benki, na wezi nao wamo humo.

Najua kuna watakaosema kwamba kuweka kumbukumbu ni wajibu wa mwajiri. Ni kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamwamuru mwajiri aweke kumbukumbu za wafanyakazi, na ampe kila mtu taarifa ya mshahara yenye kuonyesha makato. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yakupa haki ya kuona habari zako alizo nazo mwingine, na kutaka zirekebishwe zikiwa si sawa. Tena sheria hiyo yasema kwamba mtu asikatiwe jambo kubwa na mashine peke yake bila binadamu kuhusika. Na kabla ya kufukuzwa kwa kosa una haki ya kusikilizwa ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama. Lakini ndugu zangu, utataka zirekebishwe ziwe nini, ikiwa wewe mwenyewe hukumbuki ulifanya zamu ngapi? Dai la mkataba wa kazi halina budi kufikishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Nani miongoni mwetu akumbuka kichwani zamu zake za miaka mitatu iliyopita? Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mali ya mfanyakazi ni saa zake.

Wengine watasema, hayo ni mambo ya wasomi. Mimi nimesoma shule ya misheni, darasa la chini, nami nimeyaelewa. Kugawa nusu ni hesabu ya mtoto. Kupiga mstari mmoja juu ya kosa hakuhitaji umeme. Wengine tena watasema kwamba haya yatasababisha ugomvi na wakubwa. Mwajiri mwenye hesabu safi hataogopa daftari langu. Naye mwenye hesabu chafu ndiye hasa ninayemwekea daftari.

Basi napendekeza mambo matatu yajadiliwe katika mkutano wa tawi. La kwanza, kila mwanachama awe na daftari lake la zamu, na wakaguane wawili wawili kila mwisho wa juma. La pili, chama kikienda kujadili mkataba wa pamoja, kitake kwamba pahali popote saa zinapoandikwa na mashine, mfanyakazi aweze kuziona kila juma, na kila badiliko liwe na jina la aliyelifanya na sababu yake. Watengenezaji wa mashine hizo wanaweza kulifanya jambo hili, maana ndivyo wao wenyewe wanavyofanya kazi. Asituambie mtu kwamba haiwezekani.

La tatu, tuwaite vijana hawa wa Mathare Jumapili moja watufundishe, na tuwalipe, kwa sababu hiyo ni kazi yao. Tena tuwape na sisi kitu tulicho nacho. Wengi wao hufanya kazi bila mkataba. Hulipwa kwa kipande, na huachishwa kwa meseji moja ya simu. Tarehe 1 Mei 2023, hapa Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaochuja picha na maneno mabaya kwa ajili ya mitandao na akili za kompyuta walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hao ni wafanyakazi kama sisi, na njia ya kuunda chama watu wa reli waliipita zamani kwa taabu kubwa. Wao watufundishe kutunza daftari, nasi tuwafundishe kuitisha mkutano.

Nawaomba wenye maoni mengine wayalete katika toleo lijalo. Lakini hata kabla ya hapo, mtu asisubiri mkutano. Zamu yako ya leo ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, na nani aliipokea kwako? Iandike kabla hujalala.

Mimi mwanachama,
Mfanyakazi wa Reli, Mathare